Nimeanguka mara tatu, hela kidogo ipo, banda lipo, ila mwili umegoma kuanza. Nyie mlirudije?

#1 Mkwezi
Habari wakuu. Niende moja kwa moja maana humu najua hamna subira.

Nina miaka 42, mke na watoto watatu, naishi Kibaha. Nimeanguka mara tatu. 2021 kuku wa nyama 500, wiki ya nne wakaanza kufa wakabaki 61. 2022 nikachukua mkopo nikanunua bodaboda nikampa kijana kwa mkataba, elfu kumi kwa siku, mwezi wa tano akanipigia yuko Mbagala anasema pikipiki imeibiwa, na yeye mwenyewe tangu siku hiyo sijamtia machoni. Mwisho wa 2023 nikakodi heka mbili bonde la Ruvu nikapanda matikiti nikilenga Ramadhani. Hiyo hata sitaki kuielezea. Mkopo wa pikipiki tumeumaliza kwa vibarua vyangu na vitumbua vya mke wangu.

Sasa kikoba cha mke kimevunjwa, kaleta nyumbani milioni 1 na laki 8, kaweka mezani kasema baba rudisha kuku. Hakuna maneno mengine, hajanisema hata siku moja. Wiki ya saba hii. Banda liko hatua kama ishirini toka mlango wa jikoni, drinka kumi za maji na fida za chakula zimepangwa pembeni vilevile, mvua ikinyesha tunaanikia nguo humo. Mimi usiku nikienda choo cha nje nazungukia upande wa mpapai ili nisipite mbele ya lile banda. Sio kwamba naogopa majini. Sijui naogopa nini. Kila wiki nasema Jumatatu.

Kwaiyo swali langu sio mtaji wala soko. Nyie mlioanguka mkasimama, ule moyo wa kuanza tena mliutoa wapi? Au haujagi, mtu unaanza hivyohivyo bila moyo?

#2 Siti ya Mbele
Nimewahi siti. Mwenye karanga apitishe huku.

#3 Kisu Butu
Pole sana mkuu. Hizo drinka kumi unauza? Njoo inboksi.

#4 Binti Sengerema
Kisu Butu wewe ni yule fisi aliyemfuata mtu njia nzima akisubiri mkono udondoke. Mtu ana msiba unaulizia vyombo.

Pole kaka Mkwezi. Mpe pole na shemeji, mwanamke wa kuweka milioni na nane mezani bila hotuba hao hawapo wengi.

#5 Kileleni Lazima
Mkuu Mkwezi mindset ndo kila kitu!! Edison wanasema alifeli mara elfu kumi kabla ya kupata taa ya umeme. Sisi wenyewe Watanzania tuna John Stephen Akhwari, Olimpiki ya Munich 1972 alivunjika mguu akamaliza mbio akiwa wa mwisho kabisa watu washaondoka uwanjani, na mpaka leo dunia nzima inamkumbuka yeye haimkumbuki hata aliyeshinda. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Amka saa kumi alfajiri, jiangalie kwenye kioo, jiambie naweza. Siku 21 tu.

#6 Mzee wa Kumbukumbu
Kileleni punguza mwendo, umekosea karibu kila kituo.

Akhwari ni Mexico 1968, sio Munich. Hakuvunjika mguu, alianguka katikati ya kundi, goti likateguka, akafungwa bandeji akaendelea. Alimaliza wa 57, na ni kweli alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza, ila walioanza walikuwa zaidi ya sabini, kwahiyo kuna watu wenye magoti mazima waliacha njiani. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, pumzi inakata. Na aliyeshinda anakumbukwa sana kwao Ethiopia, anaitwa Mamo Wolde.

Kitu ambacho watu wa kioo hamkisemagi, Akhwari hakuishia kwenye lile goti. Miaka miwili baadaye, 1970, alikwenda michezo ya Jumuiya ya Madola Edinburgh akawa wa tano kwenye marathoni. Wa tano! Hiyo ndo ilitakiwa iwe hadithi, mtu alirudi kazini kwake. Lakini hiyo haina bandeji wala muziki wa huzuni kwa hiyo hampendi.

Na huyo Edison alikuwa na maabara Menlo Park imejaa mafundi wa kulipwa. Mkwezi ana mke anayekaanga vitumbua. Usifananishe.

#7 Kileleni Lazima
Nashukuru kwa marekebisho mzee wangu ila pointi yangu ipo palepale.

#8 Siti ya Mbele
Pointi ipo palepale, goti ndo limehama.

#9 Daktari wa Banda
Mimi ni afisa mifugo. Mkwezi samahani najua umesema swali sio hilo, lakini nina maswali matatu na ningependa uyajibu bila kukasirika. Kuku walianza kufa siku ya ngapi, walikuwa wanaonekanaje, na chanjo uliwapa ipi kwa maji gani?

#10 Mkwezi
Sijakasirika dokta. Siku ya 24. Walikuwa wanajikunyata manyoya yamesimama, wanaharisha majimaji meupe, ukiwashika wanatetemeka. Jirani alichinja mmoja, mapaja yana madoa ya damu kwa ndani. Chanjo niliwapa zote, siku ya 7 ya kideri, siku ya 14 gumboro. Nilinunua mwenyewe Kariakoo nikaja nayo kwenye daladala kwenye Rambo, nikachanganya na maji ya bomba kama nilivyoelekezwa.

#11 Daktari wa Banda
Basi mkuu, kwa maelezo yako ile ilikuwa gumboro yenyewe, ingawa mimi sikuwepo na hakuna aliyepeleka mzoga maabara.

Ile chanjo ni kirusi hai kilichopunguzwa makali. Inatakiwa kukaa kwenye ubaridi mpaka dakika unayoichanganya. Kariakoo mpaka Kibaha kwenye daladala na jua na foleni, bila barafu, mimi nakwambia hiyo ilifika imekufa au mahututi. Na hata ingefika nzima, maji ya bomba yana dawa, klorini ile inaua vijidudu ndo kazi yake, na chanjo nayo ni kijidudu. Tunatumia maji ya kisima safi, au ya bomba uyaache wazi usiku kucha, na unatia maziwa ya unga kidogo kuikinga. Kuku unawanyima maji saa moja hivi kabla ili wakiletewa wanywe wote waimalize ndani ya saa mbili.

Ninachotaka kusema, wewe hukuchanja. Ulinywesha maji. Hukufeli ufugaji, ulifeli barafu ya shilingi mia tano.

#12 Mtoto wa Mtoni
Rambo mwaka 2021? Rambo zilipigwa marufuku Juni 2019 mkuu. Tunakuomba ujisalimishe kituo cha karibu.

#13 Mkwezi
Ulikuwa mfuko wa kaki jamani, nimezoea tu kusema Rambo.

Dokta nimesoma ulichoandika mara nne. Nilitoka nje nikarudi nikasoma tena. Sijui kama nimefurahi au ndo nimeumia zaidi. Miaka yote hii nilikuwa najua nilirogwa na bahati mbaya, kumbe barafu. Ningejua ni bahati mbaya ingekuwa afadhali maana bahati mbaya haina mwenyewe.

#14 Binti Sengerema
Hapo kaka umesema kitu.

#15 Mbio za Sakafuni
Mimi nitakuwa mbaya humu ndani. Kwanini kila mtu anachukulia kwamba lazima arudi kwenye kuku?

Mzee wa Kumbukumbu kaleta Akhwari, mimi naleta Kipchoge. Huyu alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 pale Paris akiwa kijana mdogo. Ilipofika 2012 alikosa hata nafasi kwenye timu ya Kenya ya kwenda Olimpiki London. Angesikiliza watu wa "asiyekubali kushindwa" angeendelea kuzunguka uwanja mpaka anazeeka. Akabadili mchezo, 2013 akahamia marathoni, akashinda Hamburg mwaka huohuo, halafu Olimpiki 2016 na ile ya Tokyo, rekodi ya dunia mara mbili. Hakuongeza moyo, alibadilisha umbali. Na Olimpiki ya Paris 2024 alipoona mwili umekataa aliacha njiani akatembea, na heshima yake ipo vilevile. Hakuna aliyemwambia ungejiangalia kwenye kioo.

Kwahiyo Mkwezi, mwili unaogoma wiki saba labda unakwambia kuku sio zako.

#16 Mzee wa Kumbukumbu
Mfano mzuri, ila umeruka sehemu. Kipchoge alibadili umbali, hakubadili kazi, bado ni miguu ileile na kocha yuleyule. Mkwezi alitoka kuku akaenda pikipiki akaenda matikiti. Huko ni kuruka toka mbio kwenda ngumi kwenda kuogelea, kila safari unaanza na ujinga mpya. Mimi ningesema kosa lake ni kubadili sana, sio kung'ang'ania.

Halafu kama mnataka wa nyumbani, mkimbiaji wetu Alphonce Simbu alichukua shaba ya dunia London 2017, halafu miaka nane kimya cha medali kwenye mashindano hayo. Septemba 2025 Tokyo akachukua dhahabu ya marathoni, ya kwanza kwa Tanzania kwenye mashindano ya dunia, kamzidi Mjerumani sekunde 0.03. Ukikopesa macho imekupita.

#17 Mtoto wa Mtoni
Miaka nane!! Mimi bodaboda akichelewa dakika nane naghairi safari.

#18 Wa Thika Road
Salamu kutoka huku Kenya. Mkwezi pole ndugu yangu. Sisi huku tulikuwa na kware, mnakumbuka? 2013 hivi kila mtu aliambiwa mayai ya kware yanatibu kila kitu, yai moja likauzwa bei ya chakula cha mchana, mpaka watu wakapanga foleni KWS, wale wa wanyamapori, kutafuta leseni maana yule ni ndege wa pori kisheria. Mimi nilikopa sacco nikajenga vizimba vitatu. Kufika 2014 kila boma lina kware, hakuna mnunuzi, mayai tukala asubuhi mchana na jioni mpaka watoto wakakataa. Wueh. Mke wangu hadi leo akiniona nimenyamaza sana ananiuliza, unafikiria kware?

Sikuwahi pata moyo kaka, nikwambie ukweli. Nilipata deni. Sacco walikuwa wanakata kwa payslip, ikabidi nitafute kitu Jumamosi, nikaanza kuuza mitumba ya watoto. Hakuna siku niliamka nikahisi motisha. Niliamka nikahisi tarehe tano imefika.

#19 Mhasibu wa Mtaa
Huyu wa Thika ndo kajibu swali. Moyo unakuja kwa nguvu ya tarehe tano.

#20 Narudi Kwetu
Assalaam aleykum. Mie nimekaa Muscat miaka sita kazi za ndani. Kila mwezi natuma hela kwa kaka yangu ajenge kwenye kiwanja cha marehemu mama. Ananitumia picha, leo tofali, kesho nondo, siku ingine paa kabisa. Nilivyorudi nikakuta msingi na mgomba umeota kwenye chumba ambacho nilijua ndo sebule yangu. Zile picha ni za nyumba ya mtu mwingine mtaa wa pili. Nilikaa juu ya ule msingi na begi langu, nakumbuka nilikuwa nimevaa viatu vipya vinanibana, basi nikavivua nikakaa hivyohivyo mpaka magharibi.

Mnauliza moyo ulitoka wapi. Mimi ulitoka kwenye hasira na sioni haya kusema. Nilirudi Oman miaka mitatu mingine, nikawa natuma hela kwa fundi mwenyewe na namfanya anipigie simu ya video kila Ijumaa aguse ukuta. Akigusa ndo natuma. Nyumba ipo naandika nikiwa ndani yake. Kila tofali limeingia kwa hasira.

Ila na mimi niseme ukweli wote, nyumba ilivyoisha hasira ikabaki haina pa kwenda. Kaka yangu hatusemeshani mpaka leo na mama yetu hayupo wa kutupatanisha. Kwaiyo Mkwezi ukitaka hasira ipo, naweza kukuazima, ila ina riba.

#21 Siti ya Mbele
Dada Narudi Kwetu, pole na hongera. Karanga zimenishinda kutafuna.

#22 Kisu Butu
Fundi agusaye ukuta ndo njia ya kisasa. Mimi fundi wangu angegusa ukuta wa jirani.

#23 Mja wa Mungu
Wapendwa mmezunguka sana. Ndugu Mkwezi mara tatu mfululizo sio barafu. Kuna madhabahu nyuma ya hilo jambo. Kuku wafe, pikipiki ipotee, matikiti yaoze? Chunguza nani alifika pale bandani ile wiki. Funga siku tatu, hiyo hela itolee fungu la kumi kwanza halafu ndo uanze.

#24 Mtoto wa Mtoni
Madhabahu ya gumboro.

#25 Binti Sengerema
Msimcheke. Mja wa Mungu mimi nasali pia, ila umwambie pia mtu achunguze utabiri wa hali ya hewa. TMA walishatangaza El Niño mapema kabla ya vuli ya 2023, kaka yetu akaenda kupanda matikiti bondeni Ruvu. Hapo mchawi alipumzika tu, kazi ilishafanyika.

#26 Mkwezi
Dada Sengerema umenipiga mahali. Nilisikia redioni. Nilijua. Nilihesabu Ramadhani inaanza Machi 2024, matikiti siku themanini, nikasema nikipanda katikati ya Desemba nitapatia. Niliambiwa mvua nikasema kila mwaka wanasema mvua. Maji yalipopungua matikiti yalikuwa yamekaa kwenye tope kama vichwa vya viboko. Yaliyopona nikayapeleka Temeke Stereo yamechubuka, tikiti la elfu tatu nikauza mia tano.

#27 Nesi Zamu ya Usiku
Naomba nipite na mimi. Mkwezi, unalala? Unakula? Vitu ulivyokuwa unavipenda, mpira, kahawa kijiweni, bado vina ladha? Nauliza sababu wiki saba mwili hautaki, unazunguka mpapai kukwepa banda, hii hata mimi nikiisoma saa nane usiku wodini inanipa mashaka. Mtu akiwa na hali ya huzuni au kukosa hamu na kila kitu karibu kila siku zaidi ya wiki mbili, na usingizi umeharibika, tunamwambia aende aonwe, inaweza ikawa sonona. Sonona sio uvivu na haitibiki kwa kioo. Hospitali ya mkoa hapo kwenu ulizia huduma ya afya ya akili, sio lazima upelekwe Mirembe kama watu wanavyotishana.

#28 Kileleni Lazima
Wazee wetu walikuwa na sonona? Walikuwa wanalima tu. Sonona ni ugonjwa wa watu wenye muda.

#29 Nesi Zamu ya Usiku
Wazee wetu walikuwa nayo waliita jina lingine. Kila kijiji kulikuwa na mtu anakaa chini ya mti hasemi, tukaambiwa huyo alirogwa akili zikaenda. Usimwambie mtu ambaye humwoni.

#30 Mkwezi
Nesi asante. Nakula, nalala vizuri tu, mpira naangalia ndo maana Jumapili nilichelewa kujibu. Kwenye banda tu ndo nakwama. Ila nimeandika ushauri wako pembeni.

#31 Mhasibu wa Mtaa
Mimi naomba niliangalie kwa kalamu maana mmeongelea roho sana.

Milioni 1 na laki 8. Tuseme vifaranga 200 kwa 1,700 ni 340,000. Chakula mifuko 14 kwa 70,000 ni 980,000. Chanjo, vitamini, mkaa wa bruda ya kuwapa vifaranga joto, maranda, laki moja. Jumla 1,420,000. Wakifa kumi, 190 ukiuza 8,000 unapata 1,520,000. Faida laki moja kwa wiki tano za kuamka usiku kuongeza mkaa. Laki moja! Kwa wiki moja ni elfu ishirini.

Mkwezi, mwili wako una akili kuliko uzi mzima huu. Umeshapiga hesabu kimyakimya ukaona haina maslahi, na wewe unauita uoga. Huhitaji moyo, unahitaji biashara inayolipa. Mtu akiona faida ya kweli moyo unakuja wenyewe mbio.

#32 Daktari wa Banda
Mhasibu mifuko 14 umezidisha. Broila wa wiki tano hula kilo tatu na kidogo, mia mbili mifuko 12 au 13 inatosha. Toa mifuko miwili tu faida yako imeruka toka laki moja mpaka laki mbili na elfu arobaini. Na hujahesabu mbolea, wenye bustani wananunua.

#33 Wa Thika Road
Na asiuze mzima. Achinje auze vipande, firigisi kivyake, miguu kivyake. Mama wa vitumbua tayari ana wateja mlangoni!

#34 Mhasibu wa Mtaa
Haya nimekubali kwenye mifuko, ila bei ya kuku wiki ya kuvuna mnaijua nyie? Ikishuka elfu moja tu faida yenu karibu yote mmeila. Msimamo wangu haujabadilika.

#35 Mbio za Sakafuni
Ndo nilichosema kwa maneno mengine.

#36 Mzee wa Kumbukumbu
Hapana, wewe ulisema kuku sio zake. Mhasibu kasema kuku hazilipi. Hayo mambo mawili tofauti.

#37 Mkwezi
Wakuu nimesoma yote. Nataka niseme kitu ambacho sijamwambia mtu hata mke.

Ule usiku mkubwa walipokufa, siku ya 26, niliingia bandani saa kumi na tochi ya simu. Huwa ukiingia wanakimbilia kona wanapiga kelele. Siku hiyo kimya, unasikia tu jiko la mkaa linapasukapasuka. Nikaanza kuokota natia kwenye kiroba. Mtoto wangu wa pili alikuwa na miaka sita, akaamka akaja na kandambili za mama yake, hakulia, akaniuliza baba nikusaidie kuhesabu? Nikamwambia hesabu. Akawa anahesabu kila ninayemtia. Akafika mia moja akanyamaza kidogo, halafu akaanza tena moja, mbili, tatu. Kwa sababu shuleni ndo walikuwa wamefika mia.

Alianza moja mara mbili.

Sasa ana miaka kumi. Juzi alimsikia mama yake anasema habari za kuku akaja akaniuliza, baba safari hii nitahesabu mimi? Sijui alimaanisha vifaranga vikija au nini. Mimi nikasikia zile nyingine. Wiki saba hizi nadhani ndo hicho. Hela ikipotea nimeshazoea hela. Sitaki ahesabu tena.

#38 Nesi Zamu ya Usiku
Nipo hapa nimesoma. Nakosa cha kuandika.

#39 Narudi Kwetu
Allah akufanyie wepesi kaka yangu.

#40 Mja wa Mungu
Amina. Ndugu Mkwezi nisamehe kwa lile la madhabahu, sikujua kuna mtoto.

#41 Daktari wa Banda
Mkwezi, mtoto wa miaka kumi akiuliza safari hii nitahesabu mimi, mimi kama mzazi naona anakumbuka alikusaidia. Huenda kwake ile siku ni siku baba alimwamini na kazi ya watu wazima. Wewe unakumbuka vifo, yeye huenda anakumbuka hesabu. Sijui, muulize.

#42 Mbio za Sakafuni
Au anakumbuka vifo vilevile na anataka kujua kama vitarudi. Dokta usimpambie. Watoto wanaona.

#43 Kileleni Lazima
Mimi leo sina nukuu.

#44 Siti ya Mbele
Tuandike tarehe.

#45 Wa Thika Road
Swali la pembeni, kwani Mkwezi ni mkwezi kweli wa minazi?

#46 Mkwezi
Babu yangu. Mimi nilipanda mnazi mara moja nikashushwa na watu.

#47 Mtoto wa Mtoni
Kumbe ni mara nne basi.

#48 Binti Sengerema
Mtoto wa Mtoni wewe utakufa huku unacheka 😂 Kaka Mkwezi ulimuuliza mtoto?

#49 Mkwezi
Nilimuuliza jana wakati anaosha miguu. Nikamwambia unakumbuka ule usiku wa kuku. Akasema nakumbuka, ulinipa uji saa kumi na mbili ukaweka sukari nyingi. Nikamwambia na kingine? Akasema mama alikasirika kandambili zake zilikuwa na mavi. Basi. Sikuuliza tena, sijui kama kuna kingine amekificha au ndo hicho.

#50 Mzee wa Kumbukumbu
Sukari nyingi. Dah.

#51 Mbio za Sakafuni
Sijashawishika ila nakaa kimya.

#52 Kisu Butu
Naombeni msinipige. Ile ishu ya drinka imefikia wapi? Mimi nina vifaranga 300 wanaingia wiki ijayo, niko serious.

#53 Mkwezi
Kisu Butu jana nilizitoa nje nikaziosha, zilikuwa zimejaa buibui, moja ina ufa. Nakuuzia sita, elfu nne nne. Nne siuzi.

#54 Binti Sengerema
Nne za nini?

#55 Mhasibu wa Mtaa
Drinka moja vifaranga hamsini. Piga hesabu mwenyewe dada. Na mimi nilishasema hailipi.

#56 Mkwezi
Jamani mimi sijasema kitu. Nimesema nne siuzi.

#57 Daktari wa Banda
Nipo Mlandizi kila Alhamisi, nina kibaridi cha barafu. Naandika tu.

#58 Kisu Butu
Elfu nne iliyotumika na buibui wake? Fanya elfu tatu, na ile ya ufa uniongeze bure, nije kuchukua Jumatatu.